Antivairasi gani nzuri? (na daftari la mama)



Najua nimepotea. Wiki mbili za testi na presentesheni zimenitoa jasho, na bando nalo lilikata siku ile ile niliyotaka kuandika. Leo Jumapili umeme upo, nguo nimeshafua, chai ipo mezani. Basi ngoja niwape stori ambayo nimekuwa naikwepa muda mrefu.

Imeanzia hapa hosteli juzi. Mshikaji wangu wa kitanda cha juu kanunua laptopu ya mtumba, kairudisha chumbani kaifunika na taulo kama mtoto mchanga. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, hivi antivairasi gani nzuri?" Kabla sijafungua mdomo, chumba kizima kimeshajibu. Mmoja Avast. Mwingine Kaspersky, tena ana kraki yake kwenye flashi. Wa tatu kasema weka mbili kwa mpigo, ikipitiwa moja nyingine inadaka. Mimi nikanyamaza. Sio kwamba sina jibu. Jibu ninalo, ila liliigharimu familia yangu, na wa kwanza kulipa alikuwa mama.

Wengi mnajua kwetu ni Kipalapala, hapo nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye seminari kuu na kiwanda cha uchapaji. Mzee wetu alipostaafu alinunua kompyuta ya mezani, Dell ya mtumba, ikakaa sebuleni kwenye kona na kitambaa cha kufuma juu yake. Dogo anaandikia kazi zake za shule, mimi nikiwa likizo naangalia muvi. Mama alikuwa haigusi. Anasema inamtazama.

Sasa mama ni mtunza kumbukumbu wa kikoba chao. Wanawake 23, wanakaa kila Alhamisi jioni chini ya mwembe. Hisa moja shilingi 2,000, mwisho hisa tano kwa kikao. Kuna mikopo, kuna faini, kuna mfuko wa jamii wa misiba na wagonjwa, na Desemba wanagawana. Yote hayo mama alikuwa anayaandika kwenye kaunta buku kwa kalamu ya bluu, rula pembeni.

Mwezi wa tatu mwaka 2023, nikiwa mwaka wa kwanza na kichwa kimejaa somo la kompyuta, nikarudi nyumbani siku chache nikamwona anajumlisha kwa taa ya sola. Nikajifanya msomi. Nikamwambia, "Mama, karatasi zimepitwa na wakati." Nikamwingizia kila kitu kwenye Excel, fomula zinajumlisha zenyewe, nikamwambia kaunta buku aliweke pembeni, dogo atakuwa anaingiza kila Alhamisi. Mama alinitazama halafu akasema sawa, wewe ndiye uliyesoma.

Septemba nikarudi likizo ndefu. Rafiki yangu kaniomba nimuharirie video ya harusi ya dada yake, na programu ya kuhariri inauzwa bei ya kodi ya chumba. Basi nikaipata ya bure, iliyokrakiwa, kwenye flashi ya jamaa. Ndani kulikuwa na maelekezo mafupi. La kwanza: zima antivairasi kabla ya kuanza.

Nikaizima. Kwa mkono wangu. Windows ikaniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo mara mbili.

Asubuhi mafaili yote yana mkia wa ajabu mwishoni na hayafunguki. Kila folda ina kikaratasi kinaitwa _readme.txt: lipa dola 980 urudishiwe mafaili yako, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa nusu, dola 490. Kwa bei ya dola ya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili. Hisa za kikoba kizima kwa wiki kadhaa.

Baadaye nilikuja kujua ni wale virusi vya kuteka mafaili wanaoitwa STOP, wengine wanasema Djvu, ambao njia yao kubwa ilikuwa hizo hizo programu zilizokrakiwa. Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 programu ya bure ya kufungua mafaili ya aina hiyo, na kuna tovuti ya No More Ransom, ya polisi wa Ulaya na wenzao, inayokusanya funguo za namna hiyo bure tangu 2016. Nikakimbilia huko. Shida ni kwamba virusi hivyo vina funguo za aina mbili. Vikishindwa kuifikia mitambo ya wezi vinatumia ufunguo wa pamoja, ambao unaweza kupatikana, na namba yako inaishia na t1. Vikiifikia, unatengenezewa ufunguo wako peke yako, ambao wanao wezi tu. Mimi usiku ule nilikuwa nimeunga bando la simu. Namba yangu haikuishia na t1.

Na cha kuuma zaidi ni hiki: virusi hivyo vinafunga karibu kilobaiti 150 za mwanzo za kila faili, basi. Video kubwa unaweza kuokoa sehemu yake. Faili la Excel la wanawake 23 lilikuwa dogo kuliko hapo, kwa hiyo limefungwa lote. Harusi ya watu ikapona, kikoba cha mama kikaenda.

Sasa wadau, hapa ndipo ninapoona haya. Mama aliponiuliza, nilimwambia ni umeme. Umekatika ghafla, kompyuta imeungua ndani. Akaamini. Alhamisi akaenda chini ya mwembe akawaambia wenzake ni umeme. Nilimfanya mama yangu aseme uongo mbele ya watu waliomwamini pesa zao, na yeye hajui kuwa ni uongo.

Sikulala wiki ile. Alhamisi iliyofuata nikamfuata kikaoni, nikaomba nafasi kwa mwenyekiti, nikasema. Sio umeme, ni mimi, nilifungua mlango mwenyewe. Hakuna aliyepiga kelele. Bibi mmoja akaniuliza taratibu, "Sasa mjukuu wangu, hesabu zetu ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye sanduku. Mnajua vikoba vinavyofanya: kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na ndani kuna kitabu cha kila mwanachama, kila hisa muhuri wake mmoja. Mimi na kompyuta yangu tulikuwa tumelidharau sanduku lile. Tulikaa jioni nne, kitabu kwa kitabu, tukihesabu mihuri. Hisa zikarudi zote. Mikopo ikarudi, imeandikwa nyuma ya vitabu. Faini na mfuko wa jamii ndivyo havikuwa kwenye vitabu, na hapo kila mtu akakumbuka kivyake. Mwisho wa mabishano kukawa na shilingi 38,000 ambazo hakuna wa kuzithibitisha. Mama alizitoa mwenyewe. Hakuniomba hata mia.

Haya, ndio maana juzi nilinyamaza. Lakini mshikaji kanibana, na mwanafunzi akiulizwa ajibu. Ninayoyasema hapa chini niliyasoma baada ya kuumia, sio kabla.

Kwanza, antivairasi tayari unayo. Windows kuanzia ya 8 ya mwaka 2012 inakuja na Defender iliyo kamili. Zamani ilikuwa dhaifu na ndio maana watu hawaihesabu, lakini siku hizi maabara zinazopima hizi programu, kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, zinaiweka pamoja na wakubwa. Haidai leseni, haikupigii kelele ununue. Iliyonifichia virusi sio udhaifu wake. Nilimfukuza mlinzi halafu nikalalamika nimeibiwa.

Pili, za bure zina gharama yake. Avast ilikuwa kila kona, mimi mwenyewe nimekua nayo. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza dola milioni 16.5 kwa kukusanya historia za kurasa ambazo watumiaji wanazitembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa 2020. Na mkibishana kati ya Avast, AVG, Avira na Norton, mjue zote zimo chini ya kampuni moja inayoitwa Gen Digital. Mnabishania milango ya nyumba moja. Kaspersky nayo, Marekani ilipiga marufuku isiuzwe kwao mwaka 2024 kwa sababu za usalama wa taifa lao. Hiyo ni ugomvi wa wakubwa, wewe pima mwenyewe. Ila Kaspersky ya kraki? Hapana jamani. Huwezi kuajiri mlinzi kwa kumwiba, halafu utegemee alale macho kwa ajili yako.

Tatu, mbili kwa mpigo usiweke. Kila moja inataka kukagua kila faili la kwanza, zinagombana na kompyuta inatembea kama punda wa maji. Ukiweka nyingine, Defender yenyewe inajitoa kwenye zamu. Mlinzi mmoja aliye macho anatosha.

Nne, fayawoli. Hii watu wanaichanganya na antivairasi. Mliowahi kwenda Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 mmeona nyumba za zamani za huku zilivyojengwa: kuta nene za udongo, unaingia kupitia mlango ambao mwenyeji anauona. Fayawoli ndio kazi yake hiyo. Inaangalia nani anabisha hodi kutoka kwenye mtandao, na ambaye hukumwita haingii. Ya Windows ipo, na inawashwa yenyewe tangu XP ilipopata nyongeza yake ya pili mwaka 2004. Huhitaji kununua nyingine kwa kompyuta ya nyumbani. Kitu kimoja tu ukumbuke: ukiunga waifai ya chuo au ya mgahawa, Windows ikikuuliza ni mtandao wa aina gani, chagua wa hadharani, sio wa nyumbani. Mle ndani mko watu mia na humjui hata mmoja.

Kuta zenyewe hazitoshi kama mjengo umeoza. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia nzima kwa siku chache kupitia tundu la Windows ambalo kiraka chake Microsoft walikuwa wameshakitoa Machi. Waliougua wengi ni wale waliobonyeza "nikumbushe baadaye". Ndio sisi hao, kwa sababu ya bando.

Tano, na hii ndio yetu hasa. Fayawoli inalinda mlango wa mtandao. Kwetu huku virusi vingi haviji kwa mtandao, vinakuja kwa flashi. Enzi za misafara ya kutoka Bagamoyo kupita hapa Tabora kwenda Ujiji, ndui na kipindupindu vilisafiri na watu na mizigo yao njia hiyo hiyo. Mpagazi hakujua kabeba nini zaidi ya mzigo wake. Flashi yako ikienda steshenari kuprinti desa, imekutana na flashi za chuo kizima. Inarudi folda zimegeuka shotikati, unaambiwa fomati, unalia. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Fungua kidirisha cha amri, nenda kwenye herufi ya flashi yako, andika attrib -h -s -r /s /d halafu entaa, yanarudi kuonekana. Usibonyeze zile shotikati. Zifute, halafu skani.

Mimi sasa nina flashi mbili. Moja ya steshenari, ndani yake hakuna kitu zaidi ya PDF ya kuprinti, na haigusi kompyuta ya nyumbani kabla ya kuskaniwa. Au natuma kazi kwa imeili na kuprintia huko huko. Nimewasha pia Windows ionyeshe mikia ya majina ya mafaili, maana kitu kinaweza kujiita "matokeo.pdf" kumbe mkia wake ni .exe.

Sita, kwa wenye shida ya bando kama sisi. Antivairasi isiyo na apdeti ni askari mwenye picha za wezi wa mwaka juzi. Microsoft wanatoa apdeti za Defender kama faili moja linaloitwa mpam-fe.exe kwenye tovuti yao wenyewe. Lina zaidi ya megabaiti mia, unalishusha ukiwa na mtandao wa chuo, unaenda nalo nyumbani kwa flashi, unalibonyeza. Nilikuwa namfanyia mama hivyo kila nikirudi. Na kwenye setingi za Defender kuna kitu cha kuzuia programu ngeni zisiguse folda zako, kimekuja na Windows 10 mwaka 2017 lakini kinakuja kimezimwa. Ningekuwa nimekiwasha, na sijamzima mlinzi, faili la mama huenda lingekuwepo. Tena dogo nimemfungulia akaunti yake ya kawaida, akitaka kupiga programu mpya lazima aniite. Analalamika. Na alalamike.

Windows 10 ilipofikia mwisho wa msaada, Oktoba 14, 2025, ile Dell yetu haikukubali Windows 11 kwa uzee wake. Kuna programu ya kulipia ningeweza kuweka juu yake, lakini antivairasi mpya kwenye Windows isiyopata viraka ni kufuli jipya kwenye mlango uliooza. Nikaipiga Linux Mint. Ni ya bure kihalali, LibreOffice inafungua Excel za zamani, na viraka vinakuja. Fayawoli yake inakuja imezimwa, nikaiwasha kwa kubonyeza mara moja. Mama hakuona tofauti. Anasema bado inamtazama.

Basi hilo ndilo jibu langu kwa mshikaji wa kitanda cha juu. Tumia iliyokuja na laptopu yako. Iache imewashwa. Ipe apdeti. Wasiwasi wako uhamishie kwenye mikono yako na kwenye flashi yako. Akasema, "Yaani hivyo tu? Nilidhani kuna moja kali." Nikamwambia hakuna kali kuliko wewe mwenyewe siku ukiamua kuizima.

Lakini kuna jambo moja ambalo halimo kwenye tovuti yoyote, nimelipata kwa mama. Baada ya zile jioni nne nilimweleza haya yote, Defender, fayawoli, apdeti, nikiwa najitetea kidogo kwamba sasa nimeelewa na haitatokea tena. Alikuwa anachambua maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Mwanangu, mimi sijakuuliza dawa gani nzuri. Nakuuliza, ikishindwa hiyo dawa, daftari langu liko wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo. Kila Alhamisi mama anaandika kwenye kaunta buku mbele ya wote, hilo ndilo sharti walilompa wenzake walipomrudisha kwenye nafasi yake. Usiku dogo anaingiza kwenye kompyuta. Akimaliza ananakili kwenye flashi ndogo nyekundu, anaichomoa, mama anaifunga kwenye pindo la khanga na kesho yake inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Flashi ile haikai imechomekwa, maana virusi vikiteka kompyuta vinateka na kilichochomekwa.

Na zile 38,000 nimeshamrudishia, kutoka kwenye bumu, kidogo kidogo. Ya mwisho nilimtumia mwezi uliopita. Akapiga simu akauliza za nini. Nikamwambia za umeme. Akacheka mpaka salio likaisha.

Haya wadau, kabla hamjalala leo, zile kazi zenu za risechi mnazozibeba kwenye laptopu moja, nakala ya pili iko wapi? Nijibuni. Wiki njema, na tukutane mungu akipenda nikimaliza presentesheni ya Jumatano.